Springi ngumu si springi imara

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila juma. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kusikiliza.)

Wapenzi wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya kitu cha kuchezea. Najua wapo watakaonyoosha mkono kutaka kubadili stesheni, wakisema nchi ina mambo mazito na huyu bwana anatuletea habari za midoli. Nawasihi wavute subira. Kitu chenyewe ni kigari kidogo, lakini somo lililomo ndani yake linawahusu wenye pikapu, wenye daladala, mafundi wa gereji, na kila abiria anayepanda gari akimwomba Mungu afike salama.

Nazungumzia vigari vinavyoendeshwa kwa rimoti ambavyo havikuundwa kwa ajili ya kukimbia, bali kwa ajili ya kukwea mawe. Huko Marekani, kukwea miamba kwa magari ya kweli ya aina ya Jeep ni mchezo wenye mashabiki wengi, hasa katika majimbo ya magharibi kama Utah na California. Wapenzi wa magari madogo nao wakaiga. Mwanzoni walichukua ekseli za gari la kuchezea liitwalo Clod Buster, ambalo kampuni ya Tamiya ya Japani ililitoa mwaka 1987, wakazifunga kwenye chesisi walizozibuni wenyewe. Baadaye viwanda vikaona kuna soko. Kampuni ya Axial ya California ikatoa kigari cha SCX10, na mwaka 2017 kampuni ya Traxxas ya Texas ikatoa kile cha TRX-4. Vingi kati ya vigari hivi ni vya kipimo cha moja kwa kumi, yaani kila sentimita moja ya kigari inasimama mahali pa sentimita kumi za gari la kweli.

Hapa pana hesabu moja nzuri. Ukipunguza urefu, upana na kimo cha kitu mara kumi kila kimoja, uzito wake haupungui mara kumi. Hupungua mara elfu moja. Kwa hiyo gari la tani mbili, likipunguzwa hivyo, lingekuwa na uzito wa kilo mbili. Na kweli vigari hivi huwa na kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu ya betri na vyuma vilivyomo. Lakini ndani yake utakuta ekseli mbili, difu mbele na nyuma, propela shafti, springi nne na shokapu nne. Ni gari kamili, isipokuwa dereva wake amesimama nje.

Kwa kuwa kigari hiki hakikimbii, ushindi wake ni kupita mahali ambapo mwenzake amekwama. Ndiyo maana wenye vigari hivi, wakishapata fedha kidogo, jambo mojawapo la kwanza wanalolifikiria ni kubadili shokapu na springi. Na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kosa lile lile linalofanyika katika gereji zetu. Wanadhani springi ngumu ndiyo springi imara.

Hebu tuanze na kazi za vitu hivi viwili, maana katika kigari hiki, kama ilivyo katika magari mengi madogo ya kisasa, springi imezungushiwa shokapu, na mtu akitazama anaona kitu kimoja. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Springi kazi yake ni kubeba. Uzito wote wa gari umekaa juu ya springi. Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii: kadiri unavyozidisha nguvu ya kuivuta au kuikandamiza springi, ndivyo nayo inavyozidi kunyooka au kuzama, kwa uwiano ule ule. Ukiweka kilo moja ikazama milimita tano, ukiweka kilo mbili itazama milimita kumi. Lakini springi ina tabia moja mbaya. Ukiikandamiza na kuiachia, hairudi mahali pake na kutulia. Hupita, ikarudi tena, ikapita tena, kama mtoto aliyepanda bembea. Springi haijui kunyamaza.

Shokapu kazi yake ni kuinyamazisha springi. Ndani ya shokapu mna silinda yenye oili, na ndani ya oili mna pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni husukumwa, na oili hulazimika kupenya katika matundu yale. Kupenya huko kunahitaji nguvu, na nguvu ile hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu ya gari lililotoka safari ndefu ya barabara mbovu ukiigusa utakuta ina moto. Shokapu ya kawaida haibebi uzito wa gari. Anayefunga shokapu mpya akitumaini gari lake lililolala litainuka, amemtuma mlinzi kufanya kazi ya hamali.

Sasa turudi kwenye jiwe. Kigari kimefika, na gurudumu la mbele la kushoto linataka kupanda jiwe lenye kimo cha sentimita saba. Tunataka nini? Tunataka gurudumu lile lipande, na wakati huo huo magurudumu matatu yaliyobaki yaendelee kukanyaga ardhi kwa uzito wa kutosha, maana tairi lisilokandamiza chini halina mshiko, hata likizunguka namna gani. Springi ikiwa laini kiasi, upande ule utazama, gurudumu litapanda, na bodi itabaki karibu imetulia. Springi ikiwa ngumu, haikubali kuzama. Jiwe litainua gurudumu, gurudumu litainua bodi, na bodi ikiinama itanyanyua gurudumu jingine lining'inie hewani. Kigari kitakuwa kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Mwenye kigari atasema mota haina nguvu. Mota inazo nguvu. Kilichokosekana ni mshiko.

Wajuzi wa mchezo huu hawaanzi kwa kununua. Huanza kwa kupima. Hukiweka kigari mahali tambarare kikiwa na betri yake ndani, hukikandamiza kidogo na kukiachia, kisha hutazama kimezama kiasi gani kwa uzito wake chenyewe. Tuseme shokapu ina nafasi ya milimita 30 kutoka kunyooka kabisa hadi kuzama kabisa. Kigari kikisimama, wengi hupenda kiwe kimekwisha kutumia milimita 10 hadi 15. Kwa nini? Kwa sababu gurudumu halipandi jiwe tu, huteremka shimoni pia. Zile milimita zilizokwisha tumika ndizo gurudumu litakazozirudisha litakapofuata shimo. Kigari kilichosimama juu kabisa, shokapu zimenyooka zote, kinapendeza machoni, lakini kikifika kwenye shimo gurudumu linabaki likielea.

Baada ya kupima, hatua ya pili ni oili. Vigari vya bei ya chini huja na shokapu ambazo ndani hazina oili kabisa, ni springi na kijiti tu. Kubadili hizi kwa shokapu za oili ni mabadiliko yanayoonekana siku ile ile. Oili inayotumika ni ya silikoni, kwa kuwa uzito wake haubadiliki sana kwa joto na baridi. Huuzwa kwa namba: namba 20 au 30 ni nyepesi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo oili inavyokuwa nzito. Oili nyepesi mno, kigari kinayumba na kudundadunda. Oili nzito mno, gurudumu linachelewa kushuka shimoni, na kigari kimekwisha pinduka kabla tairi halijagusa chini.

Wala asije mtu akatia oili ya injini kwa kubana matumizi. Oili ya petroli huvimbisha pete za mpira wa silikoni zinazozuia uvujaji, na baada ya muda mfupi shokapu zote zitakuwa zinalia machozi. Aidha, wakati wa kujaza, pistoni husukumwa juu na chini polepole ili mapovu ya hewa yatoke, kisha shokapu husimamishwa wima kwa dakika kadhaa kabla ya kufunikwa. Hewa hukandamizika, oili haikandamiziki. Shokapu iliyojaa mapovu inafanya kazi leo namna hii na kesho namna nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo springi yenyewe, na hapa macho hudanganya. Springi mbili zaweza kufanana kwa urefu na kwa upana, lakini waya wa moja ukawa mnene kidogo tu. Ugumu wa springi ya mzunguko hupanda kwa unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake, waya ukiongezeka unene kwa asilimia 10 tu, ugumu huongezeka kwa asilimia 46. Karibu nusu nzima, kwa tofauti ambayo jicho haliioni.

Lipo jambo la pili linalowashangaza wengi. Ukikata springi ili iwe fupi, unaifanya iwe ngumu zaidi. Chukua springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukate miwili, ibaki sita. Gari litashuka, ni kweli, lakini ugumu umepanda kwa theluthi moja, kwa kuwa kazi ya mizunguko minane sasa inafanywa na sita. Vijana wanaokata springi za magari ili yalale chini wanapata gari fupi na gumu kwa pamoja.

Na la tatu: shokapu nyingi za vigari hivi zina pete ya kuzungusha inayokaa juu ya springi. Ukiizungusha kushuka, kigari kinainuka. Wengi husema wameikaza springi ikawa ngumu. La hasha! Wamebadili kimo tu. Ugumu uko ndani ya waya, haumo katika pete.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo huwavutia wengi kuliko zote, ni kuongeza urefu. Mtu ana shokapu za milimita 90, anafunga za milimita 110, kigari kinainuka, kinaonekana simba. Lakini tufanye hesabu. Tuseme kutoka katikati ya kigari hadi katikati ya tairi la upande mmoja ni milimita 100, na kitovu cha uzito wake kiko milimita 80 kutoka ardhini. Kigari hicho, kikiwa kimesimama, kinaweza kuinamishwa ubavu hadi nyuzi 51 hivi kabla hakijapinduka. Inua kitovu kile kwa milimita 20 tu, kiwe milimita 100, na kigari kitapinduka kwenye nyuzi 45. Umenunua kimo, umelipa kwa usalama. Ndiyo maana wakweaji hodari wa mchezo huu huinua kwa kiasi kile tu kinachotosha kupita jiwe, kisha hutafuta kila njia ya kushusha uzito chini.

Wapenzi wasikilizaji, nadhani sasa mmekwisha kuona ninakoelekea. Tukiacha vigari vya rimoti na kwenda katika gereji yoyote ya barabarani, tutamkuta mwenye pikapu anamwambia fundi: "Niongezee springi, nataka kubeba zaidi." Fundi anafungua springi za nyuma za vyuma bapa, anaongeza chuma kimoja au viwili, anafunga, analipwa. Shokapu zile zile za zamani, nyingine zimekwisha vuja zikakauka, zinaachwa mahali pake. Gari linainuka nyuma, mwenyewe anafurahi.

Kilichotokea ni nini? Springi imepewa nguvu mpya na mlinzi wake ameachwa mzee. Mahesabu ya uhandisi yanaonyesha kwamba ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, kwa uzito ule ule, shokapu nayo inahitaji kuongezewa nguvu ya kuzuia kwa karibu asilimia 40 ili gari litulie kama mwanzo. Ni kweli kwamba vyuma bapa vikisuguana vyenyewe kwa vyenyewe husaidia kidogo kutuliza, lakini msaada huo hautoshi. Gari likiwa na mzigo huenda dereva asione tatizo mapema. Akishashusha mzigo na kurudi tupu, kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi kama bati, ekseli ya nyuma inaruka. Kila inaporuka, matairi yanaacha ardhi. Na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Ni lile lile gurudumu la kigari lililoning'inia juu ya jiwe, isipokuwa sasa liko katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na mbele kuna watoto wanaovuka kwenda shule.

Pia tukumbuke kwamba chuma kilichoongezwa hakikuongeza kitu kingine chochote. Breki ni zile zile. Matairi ni yale yale. Ekseli, beringi na chesisi ni zile zile alizopima mtengenezaji. Springi ya zamani ilipolala kwa mzigo, ilikuwa inampa mwenye gari onyo. Tukiongeza chuma ili gari lisilale, tumeziba mdomo wa aliyetuonya, na mzigo uko pale pale.

Wapo watakaoniambia: "Barabara zetu ni mbovu, bila springi ngumu gari halidumu." Hoja hii nimeisikia mara nyingi na inastahili jibu. Tutazame mashindano ya Safari Rally, ambayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Magari ya mashindano hayo hupita katika mawe na mashimo kwa mwendo ambao wengi wetu hatuthubutu. Mafundi wake hawakutegemea ugumu wa springi peke yake. Waliyapa magari nafasi ndefu ya kuzama na kunyooka, pamoja na shokapu zenye nguvu za kuimudu nafasi hiyo. Barabara mbovu inahitaji gurudumu linaloifuata ardhi. Springi ngumu kupita kiasi hupeleka kila pigo la shimo moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye bushi, na kwenye mgongo wa abiria.

Hata hivyo, lazima tuseme pia mahali ambapo kigari na gari la kweli huachana, tusije tukaiga kila kitu. Wenye vigari vya kukwea mawe hupenda kufunga vyuma vya shaba nyeupe katika rimu na ekseli, ili uzito ukae chini. Kwa mwendo wa kutambaa, jambo hilo husaidia. Kwa gari la barabarani ni kinyume chake. Kadiri gurudumu na ekseli zinavyokuwa nzito, ndivyo shokapu inavyopata taabu kuzirudisha chini kila zinaporushwa. Na tofauti kubwa kuliko zote ni hii: kigari kikipinduka, mwenyewe huinama akakisimamisha kwa mkono mmoja, akacheka, akaanza tena. Basi la abiria halisimamishwi kwa mkono mmoja.

Sasa, mwenye gari afanye nini? Kwanza, kabla ya kuongeza springi, ajiulize kama tatizo ni springi au ni mzigo. Kama mzigo umezidi kiwango cha mtengenezaji, dawa yake ni safari mbili, au gari kubwa zaidi. Pili, kama springi zimechoka kweli, azibadilishe mbili za ekseli moja kwa pamoja, kushoto na kulia, kwa springi za kiwango cha gari lile. Gari lenye springi mpya upande mmoja na mzee upande mwingine huvuta na kulala vibaya kwenye kona. Tatu, kila springi zinapoguswa, shokapu nazo zikaguliwe: kama zina unyevu wa oili ubavuni, kama fito zake zimepinda, kama bushi zimelika. Kwa gari dogo, kandamiza pembe ya bodi kwa nguvu na uachie. Likiendelea kudunda mara kadhaa, shokapu imekwisha. Hicho ni kipimo cha awali tu, lakini hakigharimu hata senti.

Nne, amwulize fundi maswali. Springi hii ni ya gari gani? Ugumu wake ukilinganisha na ya zamani ukoje? Shokapu hizi zinaimudu? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayejua anachokilipia.

Na kwa walimu wa shule na vyuo vya ufundi, nina pendekezo moja. Vigari vya kiwandani ni vya bei kubwa, sisemi kila darasa likanunue. Lakini watoto wetu tangu zamani wanaunda magari kwa waya na mabati ya makopo, na baadhi yao huyawekea hata springi za mpira. Mwalimu akimpa mtoto wa namna hiyo springi mbili za unene tofauti, mawe matatu na rula, katika kipindi kimoja darasa zima litaona kwa macho tofauti ya ngumu na imara. Mmoja wao kesho ndiye atakayekuwa chini ya pikapu yako na spana mkononi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Vinavyotembea navyo vimeundwa, na aliyeviunda alipima kila kimoja kwa ajili ya mwenzake.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.